Kanda za Mzee: Namna ya Kuitoa Hotuba ya Zamani Ikawa Maandishi

Baba alikuwa fundi redio hapa Wete, Pemba. Alipofariki, kaka zangu walichukua bisibisi, mita ya umeme na risasi ya kuchomea. Mie nikaachiwa kasha la bati lenye kanda 61 za kaseti, maana hapana aliyelitaka. Ndani mna taarabu, mawaidha ya Ramadhani, harusi mbili za watu tusiowajua, na hotuba. Hotuba tele: za redioni, za mikutano ya hadhara Tibirinzi na Gombani ya Kale, za viwanja vya vijijini vyenye mnazi mmoja na meza ya kuazima. Mzee alikuwa akiitwa kufunga vipaza sauti, na kila alipofunga alitega radio-kaseti yake pembeni. Hakuna chama alichokinyima waya.

Nasomesha historia, nikadhani nitazimaliza likizo moja. Huu mwaka wa nne. Nayaandika haya kwa sababu kila nikiitaja kazi hii barazani, hakosekani mtu wa kusema, "Hata kwetu zimo." Basi kama kwenu zimo, soma kwanza, halafu ndiyo ufungue kasha.

Usiicheze

Najua una hamu. Mie nilikuwa nayo pia, nikaitumbukiza kanda ya kwanza kwenye radio-kaseti iliyokaa kabatini miaka kumi, nikabonyeza. Ikacheza sekunde tisa, ikatafunwa. Nilitumia mchana mzima kuichomoa kwa kibano cha nyusi, na mpaka leo sauti ya mahali pale inayumba kama mtu aliyemo mtumbwini.

Kwa hiyo kanda ipe nafasi. Itazame kwenye kidirisha chake. Ukiona kingo za utepe zina weupe kama unga, hiyo ni koga. Masika ya kwetu hayaisamehe kanda iliyofungiwa ndani. Itenge na wenzake, iweke kivulini penye upepo siku kadhaa, wala usiianike juani kama karafuu. Koga huhama: ukiicheza kanda mbovu halafu nzuri katika mashine ile ile, umezipa zote ugonjwa mmoja. Unapoishika funika pua, na ufanyie kazi uwanjani, si chumba anacholala mtoto.

Vunja vile vikucha viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda, kama havijavunjwa. Vikiwapo, mtu akikosea kitufe anarekodi juu ya hotuba, na hotuba haitarudi. Kisha chukua penseli yenye pembe sita, itie kwenye tundu la gurudumu, uzungushe polepole mpaka mwisho, urudishe mpaka mwanzo. Utepe uliokaa miaka umegandana; hivyo ndivyo unavyoulegeza. Kanda iliyopasuka kasha lakini utepe mzima, ifungue skrubu zake tano, uuhamishie utepe kwenye kasha la kanda tupu. Fanya hivyo mezani penye kitambaa cheupe, madirisha yamefungwa na feni imezimwa. Kwa nini feni, utajua mwenyewe.

Mashine nayo isafishe: kichwa cha kusomea na kigurudumu cha mpira, kwa pamba na spirit isiyo na mafuta. Pamba itatoka rangi ya kahawa. Endelea mpaka itoke nyeupe.

Kuna skrubu ndogo kando ya kichwa ambayo watu wengi hawaijui, baba ndiye aliyenionesha. Kila mashine iliyorekodi ilikuwa na kichwa kilichoinama kivyake. Sauti ikiwa nzito, kana kwamba msemaji amefunikwa mto, izungushe skrubu hiyo kidogo kidogo, robo ya mzunguko au chini yake, huku unasikiliza herufi ya "s". Neno "siasa" ni zuri kwa kazi hii, na kwenye hotuba hulikosi. "Siasa" ikianza kukata kama kisu, simama hapo.

Mashine hufa kabla ya kanda

Nisikilize hapa, maana ndipo watu wanapochelewa. Tarehe 20 Aprili 1964, siku mbili kabla ya Karume na Nyerere kutia saini Hati za Muungano, Nelson Mandela alisimama mahakamani Pretoria akasema kwa karibu saa tatu, akamaliza kwa kusema yuko tayari kufa kwa ajili ya anachokiamini. Mahakama ilirekodi kesi ile kwenye mikanda ya plastiki ya aina iliyokuwa ikitumika maofisini wakati huo. Mikanda ikabaki, mashine za kuichezea zikatoweka duniani. Dunia iliisoma hotuba ile miaka na miaka kabla ya kuweza kuisikia.

Radio-kaseti nazo zinakwenda njia hiyo hiyo. Ukiiona moja inafanya kazi, inunue. Ukiziona mbili, nunua mbili, moja ya vipuri.

Unganisha waya kutoka tundu la spika za masikioni mpaka kwenye kompyuta. Programu ziko za bure. Mie natumia Audacity. Rekodi upande mzima bila kusimama, dakika 30 au 45, hata kama mwanzo ni kelele tupu, kwani humo ndani ya kelele ndimo utakamokuta jina la uwanja. Hifadhi kwa WAV, si MP3. Upande wa dakika 30 hula megabaiti mia kadhaa, na diski za siku hizi hazilii kwa hilo. Nakala hiyo ya kwanza usiisafishe, usiikate, usiipambe. Ukitaka kuondoa mvumo, fanyia nakala ya pili.

Na kipimo cha sauti usikipime kwa msemaji. Kipime kwa watu. Tafuta pahala wanaposhangilia kwa nguvu kuliko pote, upunguze mpaka pasipasuke. Msemaji atakuwa mdogo kidogo, haidhuru. Wengi hufanya kinyume, na wanachopata ni mtu mmoja anayezungumza peke yake, ikifuatiwa na mpasuko kila anaposema jambo zuri.

Ya lini?

Mzee hakuandika tarehe. Aliandika "Mkutano, safi" au "Mkutano, si safi," akimaanisha sauti.

Utaitafuta tarehe ndani ya maneno. Kaseti zenyewe zilitolewa na Philips mwaka 1963, tena hazikufika madukani kwetu mara moja, kwa hiyo sauti ya uchaguzi wa 1957 ukiikuta kwenye kaseti ujue imenakiliwa kutoka redioni au kanda kubwa. Vyama vinasaidia. Chama cha Afro-Shirazi kikitajwa kama kilicho hai, uko kabla ya 1977. Msemaji akivitaja vyama vingi kama jambo lililokwisha ruhusiwa, uko 1992 au baada yake. Lakini kuna mtego: Afro-Shirazi kilizaliwa tarehe 5 Februari 1957, na CCM nacho kikaundwa tarehe 5 Februari 1977, makusudi. Mtu akisema "leo siku ya kuzaliwa chama chetu," hujapata mwaka. Umepata siku tu.

Anayeitwa Rais wa Zanzibar hukubania zaidi. Abeid Karume mpaka aliposhambuliwa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, kisha Aboud Jumbe mpaka 1984, Ali Hassan Mwinyi mwaka mmoja na kitu, Idris Abdul Wakil mpaka 1990, Salmin Amour mpaka 2000. Andika ubavuni "kati ya mwaka fulani na fulani" na uliache hivyo. Tarehe ya kubuni ni mbaya kuliko kukosa tarehe, kwa sababu mwenzio ataiamini.

Masikio nayo yatumie. Kwenye kanda yangu moja adhana inaingia kwa mbali, msemaji ananyamaza, watu wananyamaza, kisha anaendelea na kumaliza haraka haraka. Nimeandika: alasiri imepita, inakaribia magharibi.

Kuandika

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ninapogombana na vijana wangu wa skuli. Dakika moja ya sauti hunila nusu saa. Vaa spika za masikioni, andika, rudisha, sikiliza tena.

Nilimpa kijana mmoja hodari wa kuandika kipande kifupi, mkutano wa kijijini, msemaji mwanakijiji tu asiyejulikana kokote. Akaniletea hivi:

"Kila mtu ni haki yake kusema. Mkono mmoja haulei mwana."

Safi, mstari mmoja na nusu. Nikaketi na kanda ile ile, nikapata hivi:

"Kila ntu... [kipaza sauti kinapiga mluzi] Kila ntu ni haki yakwe kusema. Jamani, nkono mmoja? [Watu: Haulei mwana!] Sisikii! [Watu, kwa nguvu: Haulei mwana!] [Mwanamke, karibu na kinasa sauti: Lakini unapika!] [Kicheko, sekunde sita.] Haya, mama, unapika. Na wa pili ufanye nini? [Watu: Upige kura!]"

Kijana aliandika methali. Hotuba ilikuwa mazungumzo, na mwelekeo wake uligeuzwa na mama mmoja aliyekaa karibu na kinasa sauti. Yule bwana hakupanga kufika kwenye kura kwa njia ya jikoni, alipelekwa. Ukimfuta mama, umemfanya msemaji kuwa na akili asiyokuwa nayo, na umati kuwa magunia.

Si mikutano ya mnazi mmoja tu iliyo hivyo. Martin Luther King alipopanda jukwaani Washington tarehe 28 Agosti 1963, mbele ya watu kama robo milioni, karatasi aliyoishika haikuwa na ndoto. Ndoto alikuwa amekwisha kuisema pengine, Detroit mwezi Juni mwaka ule ule, lakini siku hiyo haikuandikwa. Waliokuwa karibu walimsikia Mahalia Jackson, mwimbaji, akimpigia kelele kutoka nyuma awaambie juu ya ndoto. King akaiacha karatasi. Ukiichapisha ile karatasi ukasema ndiyo hotuba, utakuwa umesema uongo kwa hati iliyo halali.

Basi weka watu kwenye mabano kila wanapoingia. Andika wanachosema, na kama hakisikiki andika kilichosikika: makofi, vigelegele, mluzi, kimya. Kimya pima kwa sekunde. Nina msemaji mmoja anayetaja jina la marehemu, kisha sekunde kumi na moja hapana kitu ila kuku.

Lahaja je? Andika kama ilivyotamkwa. "Ntu" ni "ntu", "nti" ni "nti", "nkarafuu" ni "nkarafuu". Msemaji wa Pemba akianza Kisanifu kwa ajili ya wageni wa meza kuu, halafu akageukia Kipemba anapotaka kuwagusa waliokaa chini, kugeuka huko ndiko siasa yenyewe. Ukilainisha yote yakawa Kisanifu, umekufuta. Na usizidishe pia. Kijana mwengine, wa mjini Unguja, aliandika "ntu" kila pahala, hata pale bwana alipotamka "mtu" wazi wazi, kwa kuwa alidhani Mpemba lazima aseme hivyo.

Kosa hilo lina historia ndefu. Sojourner Truth, mwanamke aliyezaliwa utumwani jimboni New York, alizungumza Akron, Ohio, mwezi Mei 1851 katika mkutano wa haki za wanawake. Mwezi uliofuata mhariri aliyekuwapo, Marius Robinson, akaichapisha hotuba kwa Kiingereza cha kawaida. Miaka 12 baadaye Frances Gage akaichapisha upya, safari hii kwa matamshi ya watumwa wa majimbo ya kusini, na swali linalorudiwa rudiwa, je, mie si mwanamke? Swali hilo kwenye maandishi ya mwanzo halimo. Truth hakuwa mtu wa kusini hata siku moja. Lugha aliyoinyonya ilikuwa Kiholanzi. Hata idadi ya watoto iliongezwa, kutoka watano kuwa kumi na watatu. Na nakala ya Gage ndiyo iliyotamalaki. Mie nimewahi kuisomesha darasani kwa miaka, sikujua.

Tafsiri nazo zitazame kwa jicho hilo hilo. Kila mtu hapa anaujua mwenge wa Nyerere juu ya Mlima Kilimanjaro, uliokuja kupandishwa kweli kileleni usiku wa Uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961. Maneno yenyewe aliyatoa kwenye Baraza la Kutunga Sheria Oktoba 1959, kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza alisema mshumaa. Mwenge umekuja na Kiswahili. Sisemi mfasiri alikosea. Mshumaa juu ya mlima ule ungezimwa na upepo. Nasema ukiwa na kanda ya Kiingereza na tafsiri ya Kiswahili, weka zote mbili, na uandike nani kasema lipi.

Wapelekee wazee

Ukishafika mwisho kutakuwa na matundu: maneno usiyoyasikia, majina usiyoyajua. Chukua kanda nenda nayo barazani, baada ya alasiri. Usiende msimu wa kuchuma karafuu, hutampata mtu. Usiende kwa mzee mmoja. Tafuta watatu waliokuwa vyama mbalimbali na wakabaki marafiki. Watatu watabishana, na katika ubishi ndimo yanamotoka majina ya viwanja na nani aliazima meza.

Shikamoo kwanza, kahawa kwanza, habari za mgonjwa wa nyumba ile kwanza. Kisha icheze kanda, unyamaze. Usiulize "Huyu nani?" Ngoja. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, rudisha nyuma," akasikiliza mara tatu, akafumba macho. Mie nilidhani anamtafuta msemaji. Kumbe anasikiliza kikohozi. "Huyo anayekohoa ni marehemu kaka yangu." Nimekiandika kikohozi.

Akina mama wapelekee mbali, nyumba nyengine, siku nyengine. Nilipowachezea ile ya "Lakini unapika!" walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Wanamjua. Walikataa kunitajia.

Kabla hujampa mtu nakala

Hotuba za zama za siasa, kuanzia 1957 mpaka 1964, zina maneno ya kabila na asili yatakayokuchoma. Yaandike yote, anayekata anaficha. Lakini kuandika ni kitu kimoja na kusambaza ni kitu chengine. Jamaa yangu mmoja alichukua sekunde arubaini za kanda, akazirusha kwenye kundi la familia la WhatsApp, bila mwaka wala mahali. Humo msemaji anamsema kwa jina mwanakijiji mmoja, marehemu sasa, kuwa ameuza kura. Wajukuu wa pande zote mbili wamo kundini. Hawajapatana bado.

Tangu hapo natengeneza maandishi mawili. Kamili, ya kuhifadhi. Na ya kutoa, ambamo viongozi wanabaki na majina yao na watu wa kawaida wanaandikwa "[mtu wa kijiji]". Familia ya msemaji ikiwa inajulikana, naibisha hodi kwanza. Nakala moja iko kwangu, moja kwa binamu Unguja, na nia yangu ni kuzipeleka zilizokamilika nyumba ya nyaraka Kilimani. Kanda zenyewe sizitupi, ziko kabatini juu, zimesimama kama vitabu.

Jambo moja la mwisho kwenye karatasi. Baba alikuwa akigeuza kanda kwa mkono, na wakati anageuza, msemaji haachi kusema. Kwa hiyo katikati ya kila hotuba ndefu pana pengo. Andika hivi tu: "[Kanda inageuzwa. Maneno yamepotea.]" Utashawishika kulijaza. Wapo wanaoapa kuwa Lumumba, siku ya uhuru wa Kongo, 30 Juni 1960, alimwambia mfalme wa Ubelgiji usoni kuwa wao si nyani wake tena. Kwenye hotuba iliyochapishwa neno hilo halimo, na aliyoyasema kweli yalikuwa makali ya kutosha. Kwenye kanda yangu ya 31 msemaji anasema, "Na siri ya haya yote ni," ikakatika. Upande wa pili unaanza na makofi. Wazee wawili wamenipa siri mbili tofauti, kila mmoja na kiapo. Nimeziandika kwenye daftari jengine.